Saratani ya Kichwa na Shingo: Kidonda Kisichopona kwa Wiki Tatu Kioneshwe kwa Daktari

Miongoni mwa maradhi yote ya saratani, ile ya kichwa na shingo ina tofauti moja kubwa: aghlabu huanza mahali panapoonekana kwa jicho, panapoguswa kwa kidole au panapojulikana kwa sauti. Saratani ya ini au ya kongosho hujificha ndani ya mwili, na mgonjwa huenda asijue lolote mpaka imeshakua. Lakini kidonda cha ulimi huonekana kwenye kioo, uvimbe wa shingo huguswa wakati wa kunyoa ndevu au wa kufunga ushungi, na koo lililoathirika hujitangaza kwa sauti iliyopwelea. Pamoja na hayo, wagonjwa walio wengi katika nchi za Afrika ya Mashariki hufika hospitali wakati maradhi yameshapiga hatua kubwa.

Makala haya yanakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla maradhi haya ni nini, yanatokana na nini, yanajulikanaje, yanatibiwaje, na kwa nini wiki chache za kungojea zinaweza kuwa ndiyo tofauti ya kupona na kutopona.

MAANA YA MARADHI HAYA

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno ziitwazo seli. Seli hizo huzaliwa, hufanya kazi yake na kufa, na nyengine huchukua nafasi yake kwa utaratibu maalumu. Saratani ni hali ya baadhi ya seli kuasi utaratibu huo: huendelea kuzaana bila ya kikomo, huivamia minofu ya jirani, na mwisho huweza kusafiri hadi sehemu nyengine za mwili na kuanzisha makaazi mapya.

Inaposemwa saratani ya kichwa na shingo, hukusudiwa saratani zinazoanza katika sehemu zifuatazo:

(a) Kinywa, yaani midomo, ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani, sakafu ya kinywa na kaakaa;
(b) Koo, kuanzia nyuma ya pua, kupitia penye mafindofindo na shina la ulimi, hadi linapokutana na umio;
(c) Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilichoko nyuma ya kikoromeo;
(d) Pua na vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso;
(e) Tezi za mate.

Saratani ya ubongo, ya jicho na ya tezi ya thairoidi, ile ambayo ikivimba watu huiita rovu, kwa kawaida haziingizwi katika hesabu hii, kwa kuwa chanzo chake na matibabu yake ni mbali.

Takriban tisa katika kila kumi ya saratani hizi huanza katika ngozi laini yenye unyevu inayotandaza kinywa, koo na zoloto kwa ndani. Ngozi hiyo ndiyo inayopokea kila kinachovutwa, kinachotafunwa na kinachonywewa. Duniani kote hugunduliwa kila mwaka wagonjwa wapya wanaokaribia 900,000, na zaidi ya watu 400,000 hufariki kwa maradhi haya.

CHANZO CHAKE

Chanzo kikuu ni tumbaku, kwa namna yoyote itumikayo. Sigara, biri na kiko hupeleka moshi wenye sumu hadi kooni na katika zoloto. Ugoro na tumbaku ya kutafuna havina moshi, na kwa sababu hiyo wako wanaodhani kuwa havina madhara. Lakini sumu zake hubakia zimegandamana na ufizi na shavu kwa masaa mengi. Pombe nayo ni chanzo cha pekee, na inapochanganywa na tumbaku hatari haijumlishwi tu, bali huzidishwa: anayetumia vyote viwili huwa katika hatari kubwa kuliko jumla ya hatari za kila kimoja peke yake.

Vipo vyanzo vyengine. Aina fulani za virusi viitwavyo HPV, hasa aina ya 16, husababisha saratani ya mafindofindo na ya shina la ulimi, na hizi zimeongezeka sana katika nchi za Ulaya na Marekani hata kwa watu wasiovuta sigara. Virusi hivyo ndivyo pia vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi. Virusi vyengine, viitwavyo Epstein-Barr, vinahusika na saratani ya nyuma ya pua, ambayo hupatikana zaidi kusini mwa China, katika Asia ya Kusini-Mashariki na Afrika ya Kaskazini.

Kazi za watu nazo zina sehemu yake. Vumbi la mbao lilithibitishwa mwaka 1995 kuwa linasababisha saratani ya pua na ya vyumba vya hewa vya uso. Maseremala, wachongaji wa milango na wapasuaji wa mbao wanaofanya kazi katika vyumba visivyopitisha hewa wanapaswa kulijua hilo na kuziba pua na mdomo kwa kizuizi kinachofaa. Jua kali nalo huunguza mdomo wa chini na ngozi ya uso, ya masikio na ya shingo. Watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina rangi ya kuikinga, ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ngozi katika sehemu hizo, na kwao kofia pana, nguo ya mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua ni mahitaji ya lazima, wala si anasa.

Ni vyema ifahamike pia kwamba asiyevuta, asiyetafuna wala kunywa naye huweza kuugua. Kwa hiyo, mtu asipuuze dalili kwa kuwa tu hana mazoea hayo, wala jamii isimhukumu mgonjwa kana kwamba maradhi yake ni ushahidi wa tabia yake.

TAMBUU, POPOO NA URAIBU

Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki neno uraibu, kabla ya kushika maana ya mazoea yasiyoachika, lilikuwa ni jina la vitu vyenyewe vya kutafuna: jani la tambuu, popoo, chokaa, katu na tumbaku. Tambuu ina historia ndefu katika jamii zetu. Hutolewa kwa mgeni, huzungushwa harusini, na kijaluba chake kimekuwa ni pambo la nyumba za watu wenye heshima zao. Makala haya hayakusudii kuidharau mila hiyo. Yanakusudia kueleza yale ambayo wazee waliotuachia mila hiyo hawakuwa na njia ya kuyajua.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilithibitisha mwaka 1985 kwamba tambuu iliyotiwa tumbaku husababisha saratani ya kinywa. Kwa muda mrefu baada ya hapo wako walioamini kuwa kosa lote ni la tumbaku, na kwamba tambuu isiyo na tumbaku ni salama. Mwaka 2004 shirika hilo lilichapisha matokeo mengine: hata tambuu isiyotiwa tumbaku husababisha saratani ya kinywa, na popoo yenyewe imo katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Aliyeondoa tumbaku na kubakisha popoo amepunguza hatari, lakini hajaiondoa.

Sababu zake zinaeleweka. Popoo ina kemikali inayoamsha minofu ya kinywa kutengeneza nyuzi ngumu kupita kiasi. Chokaa huikwangua ngozi laini na kuzidisha ukali wa kemikali hizo. Tumbaku huongeza sumu zake. Kwa kuwa mtafunaji huwa na upande wake wa kawaida wa kuweka tafuno, shavu lile lile hupokea madhara hayo kila siku, mwaka baada ya mwaka, na mara nyingi hapo ndipo maradhi yanapoanza. Vipakiti vya popoo iliyosagwa pamoja na tumbaku, ambavyo vijana wamezoea kuviita kuberi, vina vitu hivyo hivyo vya hatari, na urahisi wa kuvibeba mfukoni umewafanya hata wanafunzi wa skuli wavipate bila ya wazee kujua.

Nyuzi hizo huleta maradhi mengine yanayotangulia saratani. Mashavu hukakamaa kama ngozi ya ngoma, pilipili kidogo huunguza kinywa, na mdomo huanza kukataa kufunguka. Hali hii iliandikwa na daktari aitwaye Schwartz mwaka 1952, baada ya kuiona kwa wanawake watano wenye asili ya Kihindi waliokuwa wakiishi Kenya. Kipimo chake chepesi ni hiki: mtu mzima mwenye kinywa kizima huweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima baina ya meno ya juu na ya chini. Mtafunaji wa popoo ambaye vidole viwili tu ndivyo vinavyoingia anahitaji kuonana na daktari wa meno, hata kama hana maumivu yoyote.

DALILI ZA KUANGALIWA

Mojawapo ya dalili zifuatazo, ikidumu kwa zaidi ya wiki tatu, inatosha kumpeleka mtu hospitali:

1. Kidonda cha mdomo, ulimi, ufizi au shavu kisichopona;
2. Doa jeupe lisilofutika, au doa jekundu ndani ya kinywa. Doa jekundu huonekana dogo na la kawaida, lakini kwa kweli ni la kuogopwa zaidi kuliko jeupe;
3. Uvimbe wa shingoni, hasa ule mgumu, usiouma na unaoendelea kukua;
4. Sauti kupwelea au kubadilika bila ya mafua;
5. Kumeza kwa taabu au kwa maumivu, au kuhisi kitu kimekwama kooni;
6. Maumivu ya sikio moja ambalo daktari amelitazama na kuliona ni zima;
7. Pua moja kuziba daima au kutoa damu mara kwa mara;
8. Jino kulegea bila ya sababu, pengo la jino lililong'olewa kutopona, au meno ya bandia kukataa kukaa vyema kama zamani;
9. Mdomo kushindwa kufunguka au ulimi kuwa mzito;
10. Ganzi au uvimbe wa upande mmoja wa uso.

Huenda msomaji akauliza kwa nini ziwe wiki tatu. Ngozi ya kinywa hujirudisha kwa haraka kuliko ngozi ya mkono au ya mguu. Kidonda cha kujiuma ulimi, cha kuungua kwa chai au cha kuchomwa na mwiba wa samaki kwa kawaida hupona ndani ya wiki mbili. Sauti iliyokauka kwa mafua au kwa kupiga kelele nayo hurudi ndani ya muda huo huo au zaidi kidogo. Kwa hivyo, linalozidi wiki tatu huwa limeshatoka katika mambo ya kawaida, na lina haki ya kuchunguzwa.

Hata hivyo, si kila dalili kati ya hizi ni saratani. Walio wengi wanaokwenda kuchunguzwa hukutwa na maradhi madogo, hutibiwa na kurudi majumbani kwao wakiwa na utulivu. Uchunguzi haukusudiwi kutia khofu, bali kuiondoa.

KWA NINI WATU HUCHELEWA

Sababu ya kwanza ni kwamba saratani ya kinywa mwanzoni mwake haiumi. Watu wamezoea kuyapima maradhi kwa maumivu: jino likiuma mtu hupanga foleni alfajiri, lakini kidonda kisichouma huachwa. Katika maradhi haya ni kinyume chake: kidonda kisichouma na kisichopona ndicho kinachotia wasiwasi zaidi.

Sababu ya pili ni dalili kujitokeza mahali pasipo na maradhi. Mishipa ya fahamu inayohudumia koo na ulimi ina matawi yanayofika sikioni, na kwa hiyo maradhi yaliyo kooni huweza kusikika kama maumivu ya sikio. Mgonjwa hutia dawa ya sikio kwa miezi, na maradhi yanaendelea kooni. Vivyo hivyo, jino linalolegea kwa sababu ya uvimbe uliomo katika taya hung'olewa, na kidonda kilichobaki kikidhaniwa kuwa ni cha jino.

Sababu ya tatu ni tiba zisizo mahali pake. Wako wanaokwenda kukatwa kimeo kila koo linaposumbua. Wako wanaonunua vidonge vya kuua vijidudu dukani, dozi baada ya dozi, bila ya kupimwa. Wako wanaosukutua kwa dawa za miti shamba kwa miezi kadhaa. Kila moja kati ya njia hizi, hata isipodhuru yenyewe, hula wakati, na wakati ndio mtaji mkubwa wa mgonjwa wa saratani.

Sababu ya nne ni haya na khofu. Kidonda cha uso au cha kinywa huonekana na watu, na mara nyengine hutoa harufu. Mgonjwa hujitenga, hufunika uso na huacha kwenda barazani. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Ucheleweshaji huu haukuanza leo, wala haukuwahusu maskini pekee. Mwezi wa Januari 1887 mrithi wa kiti cha ufalme wa Ujerumani, Friedrich, alianza kupwelea sauti. Mwezi wa Mei mwaka huo madaktari wake walikuwa tayari kumpasua. Daktari mashuhuri kutoka Uingereza, Morell Mackenzie, alikata vipande vidogo kooni mwake, vikapimwa mjini Berlin na mtaalamu mkubwa, Rudolf Virchow, naye hakuona saratani ndani yake. Upasuaji ukaahirishwa. Dalili hazikuondoka, na kufikia Novemba haikuwapo tena shaka kuwa ni saratani ya zoloto. Friedrich alirithi ufalme mwezi wa Machi 1888 akiwa hawezi tena kusema, akapumua kwa tundu la shingoni, na akafariki tarehe 15 Juni baada ya kutawala siku 99.

Kuna funzo katika kisa hicho. Kipande kidogo kilichopimwa huweza kukosa mahali penye maradhi. Jawabu la kwanza lenye kheri halimalizi jambo ikiwa dalili ingalipo. Mgonjwa aliyeambiwa kuwa hana kitu, kisha kidonda kikabaki au sauti isirudi, hana budi kurudi kwa daktari na kulieleza hilo bila ya kuona haya.

UCHUNGUZI UNAVYOFANYWA

Daktari huanza kwa kuuliza na kutazama. Hutazama kinywa chote kwa taa, hupapasa ulimi, sakafu ya kinywa na shingo, na ikibidi huingiza kijibomba chembamba chenye taa kupitia puani ili alione koo na zoloto. Baada ya hapo, akiona mahali panapotia shaka, hukata kipande kidogo cha nyama ambacho hupelekwa maabara kutazamwa kwa hadubini. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kuijua saratani.

Imeenea mitaani kauli kwamba kidonda cha saratani kikiguswa na kisu ndipo kinapotapakaa. Kauli hiyo imewafanya watu wengi wakimbie hospitali mlangoni. Ukweli ni kwamba saratani husambaa kwa kuachwa. Inayodhaniwa kuwa imesambazwa na kisu, mara nyingi ilikuwa imeshasambaa kabla ya mgonjwa kufika. Bila ya kipimo hicho daktari hawezi kujua anatibu nini.

Ikithibitika kuwa ni saratani, mgonjwa hupigwa picha za ndani ya mwili ili ijulikane imefika wapi. Saratani hupangwa katika hatua nne. Hatua ya kwanza na ya pili kwa kawaida ni pale ilipo ndogo na haijafika katika tezi za shingoni. Hatua ya tatu na ya nne ni pale ilipokua, ilipoingia katika tezi au ilipofika mbali. Walio wengi wanaotibiwa kikamilifu katika hatua ya kwanza huwa hai baada ya miaka mitano, na wengi wao huwa wamepona kabisa. Katika hatua ya nne matumaini hupungua sana, na matibabu huwa mazito zaidi.

MATIBABU

Njia kuu za matibabu ni tatu, na hutumika peke yake au kwa kuchanganywa.

Ya kwanza ni upasuaji. Uvimbe huondolewa pamoja na sehemu ya nyama nzima inayouzunguka, na mara nyingi tezi za shingoni huondolewa pia. Kidonda kilichogunduliwa mapema huhitaji mkato mdogo, na mgonjwa hubaki na ulimi wake, taya lake na usemi wake.

Ya pili ni mionzi. Mionzi huelekezwa mahali penye maradhi ili kuziua seli zilizoasi. Matibabu haya kwa kawaida hutolewa siku tano kwa wiki, kwa muda wa wiki sita hadi saba. Hayaungui kama moto wakati yanapotolewa, lakini kadiri siku zinavyokwenda kinywa hukauka, koo hupata vidonda na ladha ya chakula hupotea. Kabla ya kuanza, meno yote lazima yachunguzwe na yale mabovu yang'olewe, kwa sababu jino likitolewa baada ya mionzi taya huweza kushindwa kupona.

Ya tatu ni dawa kali zinazotiwa mwilini kwa njia ya mshipa, ambazo mara nyingi hutolewa sambamba na mionzi ili kuipa nguvu.

Wagonjwa wa Unguja na Pemba wanaohitaji mionzi kwa miaka mingi wamekuwa wakivuka bahari kwenda Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996, katika majengo ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mgonjwa, na hasa wa Pemba, safari hiyo ina maana ya karibu miezi miwili ya kuwa mbali na nyumba yake, shamba lake na watoto wake. Si ajabu kwamba wako wanaoanza matibabu na kuyakatisha wanapopata nafuu ya wiki mbili tatu.

Kukatisha huko kuna hatari kubwa. Siku zinazoachwa katikati ya matibabu huzipa seli zilizosalia nafasi ya kuzaana upya, na uwezekano wa kupona hupungua. Kwa hiyo, familia inapokaa kupanga safari, ipange kwa muda wote: nani atafuatana na mgonjwa, watafikia wapi, na nani atabaki na watoto. Na mkuu wa afisi anapoletewa barua ya daktari inayoomba ruhusa ya mtumishi kwa wiki saba, aelewe kwamba wiki hizo haziwezi kugawanywa ili kuipisha kazi. Ni dozi moja yenye sehemu nyingi.

MAISHA BAADA YA MATIBABU

Upasuaji wa kwanza wa kuondoa zoloto lote kwa ajili ya saratani ulifanywa na Theodor Billroth mjini Vienna mwaka 1873. Tokea wakati huo watu wengi duniani wameishi miaka mingi baada ya kuondolewa zoloto. Mtu huyo hupumua kwa tundu la shingoni na hupoteza sauti yake ya asili, lakini huweza kufundishwa kusema tena: kwa hewa ya umio, kwa kijivali kinachowekwa kooni, au kwa chombo kidogo cha umeme kinachoshikwa shingoni.

Kwa watu wa visiwani liko jambo moja la kukumbukwa zaidi. Anayepumua kwa tundu la shingo hawezi kuogelea, wala kupiga mbizi, kwani maji huingia moja kwa moja katika mapafu yake hata kichwa kikiwa juu. Mvuvi aliyefanyiwa upasuaji huo hana budi kutafutiwa kazi ya nchi kavu. Na akizimia, msaada wa pumzi apewe kwa tundu la shingo, si kwa mdomo wala pua.

Mgonjwa aliyetibiwa huhitaji kurudi kwa daktari kwa tarehe alizopangiwa, hata akijiona mzima, kwa sababu maradhi haya yakirudi aghlabu hurudi ndani ya miaka miwili au mitatu ya mwanzo. Kuacha tumbaku na popoo ni sehemu ya matibabu hayo. Anayeendelea hujitafutia saratani ya pili mahali pengine pa kinywa au koo.

Watu wa nyumbani wana wajibu wao. Saratani haiambukizi kwa kula sahani moja, kunywea kikombe kimoja wala kulala chumba kimoja. Mgonjwa apikiwe chakula laini, uji, supu na samaki aliyechambuliwa, na akae na wenziwe wanapokula. Kumtengea sahani yake kando kwa khofu ya kuambukizwa ni dhuluma isiyo na sababu.

KINGA NA UCHUNGUZI WA NYUMBANI

Kinga ya kwanza ni kuacha tumbaku, popoo na pombe. Kuacha kuna faida katika umri wowote: hatari hupungua kadiri miaka inavyopita. Matunda na mboga za majani, ambazo ardhi yetu haikosi, huchangia kupunguza hatari. Chanjo ya HPV, ambayo Tanzania ilianza kuwapa wasichana mwezi wa Aprili 2018 kwa ajili ya kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, inawakinga pia dhidi ya virusi vya aina ya 16 vinavyoathiri koo. Wazazi wasiwanyime watoto wao chanjo hiyo kwa uvumi usio na msingi.

Kila mtu mzima, na hasa anayetumia au aliyewahi kutumia tumbaku au popoo, anaweza kujichunguza mara moja kwa mwezi kwa utaratibu huu:

1. Anawe mikono, avue meno ya bandia akiwa nayo, na asimame mbele ya kioo penye mwanga wa kutosha;
2. Atazame midomo kwa nje, kisha aipindue na kutazama ndani pamoja na ufizi;
3. Avute kila shavu na kulitazama kwa ndani;
4. Atoe ulimi, autazame juu, na aushike kwa kitambaa safi ili atazame pande zake mbili;
5. Anyanyue ulimi na kutazama chini yake, kisha apapase sakafu ya kinywa kwa kidole;
6. Atazame kaakaa na koo huku akitamka "aaa";
7. Apapase shingo pande zote mbili, kuanzia chini ya sikio hadi juu ya bega, akilinganisha upande mmoja na mwengine.

Kazi hiyo haichukui zaidi ya dakika tano na haina gharama yoyote.

Atakayeona jambo la kutilia shaka, aandike tarehe aliyoliona. Likiwa bado lipo baada ya wiki tatu, aende katika kituo cha afya kilicho karibu naye au kwa daktari wa meno, na aombe kupelekwa kwenye hospitali kubwa kwa uchunguzi, kama vile Hospitali ya Mnazi Mmoja kwa walioko Unguja, au hospitali za Chake Chake na Mkoani kwa walioko Pemba. Amweleze daktari tarehe hiyo na amtajie bila ya kificho kila anachovuta, anachotafuna na anachokunywa. Daktari hauliza ili alaumu, bali ili ajue pa kutazama.